Tazama Glavu ya Mdakaji



Jumamosi iliyopita vijana wanne wa kanisa letu walinipeleka Tempe kutazama besiboli. Kwa mliofika Arizona karibuni: kila mwaka, kuanzia katikati ya Februari, timu 15 za ligi kuu ya Marekani hupiga kambi hapa kandokando ya Phoenix, na 15 nyingine huenda Florida, kujiandaa kwa msimu unaofunguliwa mwishoni mwa Machi. Mechi huchezwa karibu kila siku, watu hukata tiketi, matokeo huandikwa. Lakini hakuna hata mechi moja kati ya hizo inayohesabiwa kwenye msimamo wa ligi.

Tuliketi kwenye nyasi, jua la saa nane likituchoma visogo. Mrushaji mmoja kijana alipanda kwenye tuta lake katikati ya uwanja, na kila alichorusha kilirudi kwa kishindo. Mpira wa kwanza ukaangukia penye uwazi, wa pili vilevile, wa tatu ukavuka ukuta. Kijana wetu mmoja akatikisa kichwa: "Mchungaji, huyu basi tena. Hapati nafasi." Nikakubaliana naye. Mzee mmoja Mmarekani aliyekaa mbele yetu, daftari magotini, akageuka akatuambia kwa upole tusiufuate mpira unakokwenda, tutazame glavu ya mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji.

Tukatazama. Mdakaji alikuwa akichuchumaa na kuiweka glavu palepale kila mara, chini, upande wa nje. Mrushaji naye alikuwa akirusha mpira wa aina moja tu, ule unaozama ghafla ukimkaribia mpigaji. Wapigaji walishajua kinachokuja, ndiyo maana waliupiga watakavyo. Mzee akatueleza kwamba yule kijana anajifunza mpira mpya, na yaelekea kocha amemwagiza autumie siku hiyo hata ukipigwa. Tukaanza kuhesabu. Mipira mitano iliyofuata ilipita mbali na glavu, mdakaji akijitupa huku na huku. Kufikia mwisho wa awamu ile, mdakaji alikuwa hahangaiki tena. Mkono umetulia, na mpira ndio unaoifuata glavu ilipo. Kwenye ubao yule kijana alikuwa ameruhusu mikimbio minne, yaani pointi nne. Mzee aliandika kitu kwenye daftari lake, na uso wake ulionyesha kwamba ameridhika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanaoujua mchezo huu. Wanasema hewa ya jangwani ni kavu na nyepesi, kwa hiyo mpira ukipigwa huku huenda mbali zaidi, na ule wa kupinda haupindi sawasawa. Wanasema warushaji hupandishwa kidogo kidogo, awamu moja leo, mbili wiki ijayo, mpaka mkono uzoee. Wanasema pia kwamba mechi ikifika katikati, wachezaji wenye majina huoga wakaondoka, na mrushaji anayeng'ara saa hizo huenda anawashinda vijana wa madaraja ya chini, wenye namba 80 na 90 mgongoni. Wakitaka kumpima mtu huangalia kama mkono wake ni mzima, kama kasi yake imerudi, kama anapeleka mpira anapotaka. Mikimbio huiangalia mwisho.

Mfano wanaoutaja mara nyingi ulitokea kwenye uwanja huohuo tuliokaa. Mwaka 2018 timu ya Angels ilimleta Shohei Ohtani kutoka Japani, anayerusha na kupiga pia, jambo ambalo kwa miaka mingi lilionekana haliwezekani kwa mtu mzima wa ligi kuu. Kambi yake ilikuwa ya kuhuzunisha. Katika mechi rasmi za matayarisho alirusha awamu zisizofika tatu, na wastani wa mikimbio aliyoruhusu ukawa 27 kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima. Kwa gongo alipata mapigo 4 katika majaribio 32. Wapo walioandika kwamba ashushwe daraja. Wachache walikumbuka kwamba mpira wa Marekani ni mkubwa kidogo na unateleza kuliko ule aliokua nao, na kwamba siku za mwisho za kambi alikuwa bado anabadilisha namna ya kuinua mguu anapopiga. Timu ilimbakiza. Tarehe 8 Aprili mwaka huo aliwatoa wapigaji mara 12 kwa mipira iliyowashinda kuipiga, na msimu ulipokwisha akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake.

Upande wa pili yupo Jake Fox wa Baltimore, ambaye kambi ya 2011 aliuvusha mpira ukuta mara 10. Mwaka huohuo ukawa wa mwisho kwake katika ligi kuu.

Sisemi kwamba watu wasipimwe. Timu ina viti 26, na kambini huja watu zaidi ya mara mbili ya hapo. Lazima asubuhi fulani mtu aitwe ofisini aambiwe. Kanisa nalo lina kwaya, lina wazee, lina mtunza hazina, na hatuwezi kumpa kila mtu kila kitu. Ninachouliza ni kile tunachokitazama tunapopima.

Nimekuwa nikisoma tena habari za Yohana Marko katika Matendo ya Mitume. Alitoka na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza, wakafika Perga ya Pamfilia, yeye akawaacha akarudi Yerusalemu. Hatuambiwi kwa nini. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka wamchukue tena, Paulo akakataa, na ugomvi wao ukawa mkali hata wakaachana njia. Namwelewa Paulo; njia ilikuwa ya mawe na magereza. Lakini kuna jambo linalonigusa kila nikifika hapo. Paulo mwenyewe, alipofika Yerusalemu mara ya kwanza baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa, na aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume alikuwa Barnaba huyuhuyu. Miaka mingi baadaye, akiwa kifungoni, Paulo anamwagiza Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa. Kati ya Perga na barua ile, Barnaba alikuwa amemchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro.

Sasa niseme langu. Mwaka jana alijiunga nasi kijana kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kule alikuwa mpiga gitaa. Sisi tulikuwa na gitaa tayari, tukamweka kwenye kinanda. Jumapili tatu mfululizo alikosea, mara ya tatu wimbo ukakatika katikati na mama mmoja akaumalizia kwa sauti tupu. Kamati ya kwaya ikakutana, nami nikakubali haraka mno. Nilimwambia apumzike kwanza. Hakulalamika, aliitika, "Sawa, Baba Mchungaji," akachukua koti lake. Hakuna kati yetu aliyeuliza ana muda gani kwenye kinanda. Alikuwa na wiki tano. Hakuna aliyeuliza analala saa ngapi. Alikuwa akitoka zamu ya usiku ghalani na kupanda mabasi mawili kuja kanisani. Tulisikiliza nyimbo zilizokatika, na hakuna aliyetazama vidole. Dada aliyekuwa akikaa karibu naye aliniambia juzi kwamba mkono wa kushoto, uliokuwa ukimshinda kabisa wiki ya kwanza, kufikia ile Jumapili ya tatu ulikuwa umeanza kutembea wenyewe.

Alikaa miezi miwili bila kuja. Dhambi ile ni yangu, na nimeshamwomba radhi nyumbani kwake, mbele ya mama yake.

Jumatatu jioni nilikwenda tena kwao. Mama alitupikia sombe na bugali, tukala, tukaomba. Kisha kijana akaniuliza kama kinanda bado kipo kwenye kile chumba cha nyuma. Kipo. Nimempa ufunguo wa mlango wa uani, na Ijumaa saa kumi na mbili jioni nitakuwa naye pale, nimekaa upande wake wa kushoto.