Mteja wa Siri na Simu Zisizokwisha



Jumapili moja baada ya ibada ya asubuhi nilikuwa nyumbani nikichambua mchicha, simu ya binti wa kaka yangu ikalia juu ya meza. Yeye alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, akaniambia, "Shangazi, nipokelee." Kijana mmoja akaniamkia kwa adabu, kisha akamwulizia mwanamke kwa jina nisilolijua. Nilitaka kumwambia kwamba amekosea namba. Lakini binti alikwisha fika mlangoni, akanitikisia kichwa na kuninong'oneza, "Mwambie gari limeuzwa." Nami nikamwambia hivyo. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Asante mama. Basi nitamtafuta akinunua jingine."

Binti huyu hana gari, wala hajapata kuwa nalo.

Tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu hadi nilipostaafu nimewaadhibu watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. Kwa hiyo niliweka mchicha chini, nikamwomba anieleze.

Kumbe ndiyo kazi aliyoipata. Kampuni moja ya utafiti humlipa kwa kila simu anayoipiga. Makampuni ya bima, mabenki na mahoteli hupenda kujua jinsi wateja wao wanavyojibiwa, basi hulipia watu wajifanye wanunuzi. Huyo huitwa mteja wa siri. Huhesabu simu imelia mara ngapi kabla ya kupokelewa, na kuangalia kama mhudumu amejitaja jina, kama ameeleza tofauti ya bima kubwa na bima ndogo bila kuficha, na kama ameomba namba ya mteja ili amfuatilie. Kila jambo lina maksi zake. Kijana yule aliomba namba, akapata maksi. Na kwa kuwa amefundishwa kufuatilia, akafuatilia, mara saba katika wiki mbili. Kwanza akaambiwa kwamba dada yuko kikaoni. Kisha mume amesafiri, na mume mwenyewe hayupo. Kisha, "Nitafute mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukafika, na simu ikanikuta mimi.

Je, kazi hiyo ni ya uongo tangu mwanzo? Swali hili ni la zamani. Mnamo mwaka 420 hivi, Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima juu yake, akimjibu mtu aliyeitwa Consentius. Walikuwapo wafuasi wa Priscillian waliokuwa wakiificha imani yao, na watu wakauliza kama yafaa Mkristo ajifanye mmoja wao ili kuwafichua. Augustino alikataa katakata. Kwake uongo ni uongo, hata ukisemwa kwa ajili ya kuufichua uongo mwingine.

Mimi sithubutu kushindana na Augustino, walakini nafikiri jambo letu si lile hasa. Mkaguzi wa shule alikuja darasani kwangu bila taarifa, tena mara nyingi, na sikumwona kuwa mwongo. Ni kweli kwamba hakujifanya mwanafunzi. Alikaa nyuma na daftari lake, nami nikamwona. Lakini mfanyakazi aliyeambiwa siku ya kuajiriwa kwamba huenda siku moja akapigiwa na mteja wa siri, huyo amekubali mtihani. Na mtihani huo una faida, kwa maana mjane anayeuliza bei ya bima apaswa kuelezwa ukweli sawasawa na tajiri.

Ila kukubali mtihani si kukubali kufukuza kivuli. Tulipomaliza mtihani tuliwaambia watoto waweke kalamu chini. Kijana huyu hakuambiwa. Taarifa ilikwisha andikwa, malipo yakapokelewa, naye angali akiandika majibu yake, kwa vocha yake mwenyewe, huku akitumaini kamisheni. Simu ile ya kwanza ilikuwa mtihani. Habari za kikao, za mume na za gari hazikuwa katika mtihani wowote. Hizo zilikuwa zetu sisi.

Binti alinijibu kwamba iko sheria. Kweli iko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa kutangaziwa biashara. Nikamwuliza, "Umemwambia aache?" Akanyamaza. Namba alimpa mwenyewe, akamwambia kwamba anataka kununua, na kila alipopigiwa akampa tumaini jipya. Hata mwenye haki ya kusema basi, hapana budi kwanza aseme basi.

Tena ingefaa kampuni ile ya utafiti, baada ya kupeleka taarifa yake, imwambie msimamizi wa kijana alifute jina la mteja asiyekuwapo. Ni kazi ya dakika moja. Kwa nini haifanyiki, mimi sielewi.

Jumatano binti alimpigia mwenyewe, nami nilikuwa karibu. Hakumfunulia siri ya kazi, kwani ameweka sahihi kwamba ataitunza. Alisema tu, "Kaka, mimi sitanunua bima. Ilinipasa kukuambia tangu siku ya pili. Nisamehe kwa kukuzungusha, na unifute katika orodha yako."

Kijana akauliza, "Dada, nilikosea wapi?"

Binti akanitazama. Ile taarifa aliyoipeleka ilimpa kijana karibu maksi zote.

"Hukukosea," akamjibu. "Ulinieleza vizuri kuliko wote niliowapigia."

Akashukuru sana, simu ikakatwa. Habari za lile gari hakuziuliza, wala mimi sikuomba simu nimwambie.