Sime Nzuri kwa Kazi Gani?

Kijana mwenzangu, ukiwa na vijisenti tu, sime nzuri utaijuaje? Usibabaishwe na mng'aro. Uliza chuma: springi kuukuu ya gari, ikifuliwa na kutiwa maji sawasawa, haipindi ovyo. Kagua msuka; uzame ndani ya mpini, usiishie mdomoni.

Haya, umepata kitu safi kwa bei poa. Lakini safi kwa kazi gani? Mmaasai hutumia sime kukatia miti na kuchinjia. Wewe wa mjini waitaka ya kupigania. Upigane na nani?

Mwaka 1837 jimbo la Alabama, Marekani, lilitoza dola 100 kwa kila kisu cha Bowie kilichouzwa. Cha jikoni kikaachwa. Chuma kilekile, bwana! Kilichotozwa ni nia.

Eti kisu hakina hatia? Sawa. Mnunuzi je?