Je, Kuchemsha Maji ni Kukosa Imani?

Wengine hapa Masisi na Walikale husema: maji ya kisima yakiisha kuombewa, kuyachemsha ni kukosa imani. Tufikiri. Kule Yeriko Elisha alinena neno la Mungu juu ya maji mabaya, lakini aliagiza pia chumvi (2 Wafalme 2:19-22). Mwaka 1994 kolera iliua maelfu ya wakimbizi huko Goma. Vijidudu vyake havionekani kwa macho. Basi mwenye kisima asiseme, "Maji yangu ni meupe." Ayapeleke yapimwe. Pasipo kipimo, yachemshwe, na milimani yatokote dakika 3. Jirani anayechota kwako ameweka uhai wake mikononi mwako. Kumwombea ni upendo. Kumwonya achemshe ni upendo uleule. Amina.