Alizeti Hapigi Mtu

Kwenye gemu za simu za ulinzi, zile ambazo adui anakuja kwa mstari kutoka upande mmoja wa kioo na wewe unapanga walinzi njiani asifike nyumbani, kuna kiumbe mmoja ambaye siku zote ananisumbua kichwa. Hapigi. Hazuii. Anakaa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa nyumba, anatikisatikisa kichwa, na kila baada ya muda anatoa kitu ambacho wenzake wanakihitaji ili wao wapige.

Mfano unaojulikana zaidi ni Alizeti wa Plants vs. Zombies, gemu iliyotolewa na kampuni ya PopCap ya Marekani mwaka 2009 kwa kompyuta, ikaingia kwenye simu mwaka uliofuata. Mazombi wanavuka uwanja wa majani kwenda nyumbani kwako, wewe unapanda mimea ya kuwazuia. Fedha ya gemu ni jua. Mmea unaotema njegere unaununua kwa jua 100, Alizeti kwa jua 50. Mtema njegere anaua. Alizeti anatoa jua 25 kila baada ya sekunde 24 hivi, hadi mwisho wa mchezo au hadi aliwe.

Ukitaka kumtathmini kama mchezaji, hesabu si ngumu. Ndani ya dakika moja Alizeti amesharudisha gharama yake, na kuanzia hapo kila anachotoa ni faida. Mchezaji anayeanza kwa kupanda watema njegere watatu kwa woga atajikuta hana kitu wimbi kubwa likija. Anayeanza kwa kupanda mistari miwili ya alizeti, huku roho ikimdunda kwa sababu zombi wa kwanza ameshaonekana, huyo ndiye anayeshinda. Lakini Alizeti huyohuyo ukimpanda wimbi la mwisho limeshatangazwa, umetupa jua 50. Hana muda wa kulirudisha. Yaani thamani yake haiko ndani yake, iko kwenye muda uliobaki.

Na hapo ndipo linapokuja chepe. Gemu imekupa chepe la kung'olea mimea. Wachezaji wazoefu, wakiona mwisho umekaribia na jua limejaa, wanang'oa alizeti wa mstari wa mbele na kupanda wauaji mahali pao. Kwenye gemu ile ya kwanza ukimng'oa hurudishiwi hata jua moja. Anatoweka tu. Ni uamuzi sahihi kabisa, na sina ugomvi nao.

(Huku Songwe alizeti ni zao, si katuni. Likishakomaa linakamuliwa mafuta, na mashudu yake wanapewa mifugo. Hakuna kinachobaki. Nadhani ndiyo maana mchezo ule haunishangazi.)

Gemu nyingine zinao viumbe wa namna hii pia. Bloons TD 6 ya kampuni ya Ninja Kiwi ya New Zealand, iliyotoka mwaka 2018, ina kijiji cha nyani ambacho kikianza hakirushi hata jiwe, ila nyani waliojengwa jirani nacho wanaona na kurusha mbali zaidi. Arknights ya Wachina, ya mwaka 2019, imewagawa wapiganaji wake katika makundi manane, na moja linaitwa kwa jina lenyewe kabisa: wasaidizi. Mashabiki wa gemu hizi wanawapanga wahusika kwa madaraja kama matokeo ya mtihani. Ukisoma hoja zao kuhusu msaidizi, swali ni moja tu, limevaa nguo tofauti: anamwongezea mshambuliaji kiasi gani? Msaidizi hapimwi kwa alichofanya. Anapimwa kwa alichofanya mwingine kwa sababu yake.

Ni rahisi kusema hilo ni dhuluma, na kuna makala nyingi za kutusisimua zinazosema hivyo kuhusu akina mama, makuli, mama lishe na wengineo. Mimi sitaki kulimaliza haraka namna hiyo. Waangalie wazee wanaocheza bao. Bao la Kiswahili lina mistari minne, mashimo manane kila mstari, kete 64. Kila mchezaji ana mstari wa mbele na wa nyuma. Kete za nyuma haziliwi na adui moja kwa moja, zinakaa pale kama akiba. Sasa, mtu anaweza kuwa na nyuma iliyojaa kete hadi zinamwagika, lakini mstari wake wa mbele ukiwa mtupu, amefungwa. Hakuna mzee atakayemhurumia kwa sababu akiba yake ilikuwa nzuri. Msaada usiomfikia anayesaidiwa haujawa msaada bado. Kwa hiyo anayempima msaidizi kwa kumwangalia mshambuliaji hajakosea. Msaada ni kitu kinachoonekana kwa mwingine, ndiyo asili yake.

Shida inaanza pale tunapochanganya maswali mawili. La kwanza: anafaa kwa kiasi gani? La pili: anadai nini? Kwenye gemu swali la pili halipo. Alizeti hadai kitu, hata ukimng'oa. Ndiyo raha ya gemu, unafanya hesabu safi bila deni. Kant aliandika mwaka 1785 kwamba tusimtumie binadamu kama chombo tu, na uzito wote uko kwenye hilo neno dogo la mwisho. Hakusema tusitumiane. Tunatumiana kutwa: dereva, mpishi, mhariri, msomaji. Alichokataa ni kumfanyia mtu ile hesabu ya kwanza, kisha kujifanya ya pili haipo. Na tofauti ya maswali haya inaonekana vizuri kuliko popote kwenye wimbi la mwisho. Kufaa kunaisha siku kazi inapoisha. Kudai hakuishi siku hiyo.

Waswahili tunasema mchumia juani hulia kivulini. Nimekuwa nikiusikia msemo huu tangu shule kama ahadi kwa mtu mwenye bidii. Lakini usome tena ukimfikiria Alizeti. Anayechuma juani na anayelia kivulini ni watu wawili tofauti, na msemo hausemi kitu kuhusu hilo.

Sisi tuliosoma fasihi tulifundishwa kumwita mhusika msaidizi. Kwenye mtihani wa kidato cha sita, mhusika mkuu alipewa ukurasa mzima na wasaidizi walipewa mstari mmoja mmoja: "amesaidia kumjenga mhusika mkuu." Alama zinapatikana, tunasonga. Mchukue Mwajuma wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mume aliyempita umri mbali, anaikimbia ndoa, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma wa Ng'ambo, asiye na mali. Bila kile chumba cha Mwajuma hakuna mapenzi ya Yasmin na Denge, hakuna taarabu, hakuna riwaya ya kuvutia namna ile. Lakini waulize waliosoma kitabu wanasimuliaje hadithi yenyewe. Ni ya Yasmin na Denge. Ukitumia kipimo cha mashabiki wa gemu, Mwajuma ni daraja la juu kabisa. Ukiuliza anadai nini, darasa zima linanyamaza, kwa sababu hatukufundishwa kwamba hilo ni swali la fasihi.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe, ambako jambo hili lina mtu halisi.

Nayaandika haya nikiwa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Kwa mgeni: unatoka Tunduma, unafika Mpemba, unaiacha barabara kuu na kushika ya Isongole, kilomita 50 hivi, unakaribia mpaka wa Malawi. Waandishi tunakuja huku kutoka Vwawa, Mbeya, wengine Dar. Tunakuja siku moja au mbili, tuna swali letu mkononi, na mara nyingi jibu liko kijijini, juu mlimani, kwa bibi ambaye anazungumza Kindali au Kilambya na Kiswahili chake ni cha salamu. Ndipo tunapomtafuta kijana wa bodaboda.

Kijana huyu si usafiri. Anakwambia uanze kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hujagonga mlango wa mtu. Anakwambia suala la mpaka wa shamba usiliulize mbele ya mkwe wa bibi. Anamsalimia bibi kwa niaba yako, kwa urefu unaostahili, wakati wewe unatazama saa. Kisha anatafsiri. Bibi anazungumza dakika nne, yeye anakupa dakika moja iliyonyooka, na wewe unaandika.

Gazeti likitoka, kuna maneno ndani ya alama za nukuu, na mwisho wake pameandikwa "alisema bibi huyo". Msomaji anaona Kiswahili kizuri, chenye mizani, pengine na kamsemo kamoja katamu. Bibi hakuyasema maneno yale. Maana ni yake, lakini maneno, mpangilio, na huo msemo wenyewe, ni vya kijana wa bodaboda. Kwa watu wanaosoma blogu ya fasihi sidhani kama nahitaji kueleza uzito wa jambo hili. Tunabishana mchana kutwa juu ya nani mwandishi na nani mfasiri. Huyu ni mfasiri ambaye jina lake halimo popote, na malipo yake yameandikwa kwenye hesabu za safari kama mafuta.

Nimezungumza naye, huyu ninayemfahamu, pale kijiweni akisubiri abiria. Alikuwa anacheza hiyohiyo gemu ya mazombi, maana haihitaji bando. Nilimwona anang'oa alizeti, nikamuuliza kwa nini.

"Wameshamaliza kazi, dada. Wananijazia nafasi."

"Huwahurumii?"

Akacheka. "Hao si watu."

Kisha, bila mimi kumwuliza, akasema kuna waandishi anaowapeleka milimani mara mbili, mara tatu kwa mwaka, na wakishuka kwenye pikipiki wanamwambia asante mwanangu. "Mwanangu sawa, ni heshima. Lakini jina langu hawalijui."

Nilidhani basi dawa ni kuliandika jina. Nikamwambia hivyo. Akakataa hapohapo, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mwandishi akimaliza anaondoka. Yeye anabaki. Habari ikiwa imemgusa mtu mwenye nguvu, au imemsema jirani juu ya ardhi, hakuna atakayepanda basi kwenda Dar kumtafuta mwandishi. Watakuja kijiweni. "Si wewe ndiye uliyemleta yule?" Jina lake likiwa gazetini ni kumwongezea mzigo, si kumlipa.

Hapa gemu imeona vizuri kuliko sisi. Alizeti yuko nyuma kwa sababu hana cha kujilindia. Mstari wa mbele ukivunjika, mazombi wanafika kwake na anakaa palepale, anatikisa kichwa, analiwa. Mchezaji yuko nje ya kioo. Atapoteza mchezo na kuanza upya.

Najua kuna atakayesema kijana alikubali bei, hakulazimishwa, na bodaboda ni bodaboda. Kweli alikubali bei. Alikubali bei ya kubebwa mtu kwenda na kurudi. Hakuna aliyemtajia bei ya kutafsiri, wala ya kutumia jina lake zuri kijijini ili mlango wa bibi ufunguke, na hilo jina zuri halinunuliwi tena likishachafuka. Mwingine atasema tukianza kumlipa kila aliyetusaidia hakuna habari itakayoandikwa. Huo ni uoga wa bure. Sisemi habari za mwenye duka aliyetuelekeza njia. Nasema habari za mtu ambaye bila yeye ukurasa ungekuwa mweupe, na ambaye hatari ya ukurasa huo anabaki nayo yeye.

Pia nina wasiwasi na sifa. Tuna tabia ya kumwita msaidizi "nguzo", "shujaa asiyeimbwa", na kuishia hapo, kana kwamba tukishamwimba deni limekwisha. Sifa ni rahisi kwa sababu inajibu swali la kwanza: unafaa sana. Swali la pili linajibiwa kwa vitu vinavyogharimu, na hakuna wa kukisia ni vitu gani isipokuwa mwenyewe.

Kwa hiyo nikamwuliza anachotaka. Hakufikiri muda mrefu. Alitaka malipo ya kutwa, si pesa ya mafuta, na yatajwe kabla hawajawasha pikipiki. Alitaka akisema mlango fulani leo hapana, mwandishi asibishe. Na habari ikitoka apigiwe simu asubuhi hiyohiyo, asomewe yote, kabla hajafika kijiweni.