Hata Mungu Alimaliza Kazi Kwanza

Shangazi yangu ana jibu moja kwa kila mtu anayelalamika amechoka: "Hata Mungu alimaliza kazi kwanza, ndiyo akapumzika." Hulisema akicheka, lakini analiamini. Yeye ni mweka hazina wa chama, kiongozi wa akina mama kanisani, na hakuna kamati ya harusi au mazishi kwetu ambayo haina jina lake. Tangu nimjue, kazi yake haijawahi kuisha.

Sisi wa Nairobi tumerithi hiyo dini yake. Mchana kazi ya ofisi, usiku kazi ya pembeni, Alhamisi mazoezi ya kwaya, Ijumaa kesha. Jumamosi mko Thika Road mnaenda ruracio ya rafiki. Jumapili unahudumu ibada mbili, halafu mkutano wa vijana. Mtu akikuuliza habari unasema "niko mbio mbio tu," na kuna kajivuno hapo ndani, tusidanganyane. Kibaya ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni dhambi uitubu na kuiacha. Zote ni njema. Basi ukikataa moja, si ni ubinafsi?

Nimelifikiria sana jibu la shangazi, na naona limeruka kitu. Kwenye kitabu cha Mwanzo, binadamu anaumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima duniani ni ile ya saba. Hajalima, hajapalilia, hana ripoti ya kupeleka kwa mtu, na tayari anakuta mapumziko yanamngoja. Aliyekuwa amemaliza kazi ni Mungu. Adamu hata hakuwa ameanza.

Halafu kuna Amri Kumi, ambazo zimeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20, sababu ya Sabato ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu inabadilika: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Hapo ndipo huwa nakwama, kwa uzuri. Mtumwa ni mtu asiyeweza kusema "leo siendi." Kwa hiyo anayepumzika anaonyesha kwamba hana Farao tena, hata kama Farao wa siku hizi anakuja kwa ujumbe wa WhatsApp wenye emoji za mikono ya maombi.

Mimi si Msabato, lakini rafiki yangu wa Nyamira amenifunza zaidi ya mahubiri mengi. Kwao Ijumaa, kabla jua halijazama, chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa. Kilichobaki, kimebaki. Shamba lina magugu na mtu anaenda kulala. Hiyo ndiyo imani ninayoielewa: kuliacha jambo bila kulimaliza na kuamini kwamba halitaanguka kwa sababu mimi nimefumba macho.

Na jirani je? Katika Luka 14 Yesu anauliza nani atakosa kumtoa mwanawe au ng'ombe wake aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Msiba ukitokea Jumapili, nitaenda, bila kuangalia saa. Lakini mkutano wa tatu wa kuchagua rangi za harusi si kisima, jamani. Hakuna anayezama.

Kuna sehemu ya ile amri ambayo sisi tunaotafuta mapumziko tunaipita haraka. Inataja mtumwa, mjakazi, punda na hata mgeni: wapumzike kama wewe. Nyumba ngapi mtaani kwetu zinapumzika Jumapili huku dada wa kazi akiosha vyombo vya wageni waliotoka kanisani? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, yeye pia. Pumziko langu likimzidishia mtu mwingine mzigo, basi sijatoka Misri; nimepandishwa cheo tu huko.

Kwa hiyo dada anayetusaidia huondoka Jumamosi jioni na kurudi Jumatatu. Simu yangu inakaa kwenye droo. Tunakula kiporo cha maharagwe, na sufuria zinalala kwenye sinki hadi kesho yake.