Nabii Aliyeandika Mkataba

Fungua pamoja nami Yeremia 32, kuanzia mstari wa 6.

Kuna usemi nausikia kila mahali tangu watu waanze kujenga kwa kasi huku Ruiru na Thika: "Sisi ni ndugu katika Bwana, karatasi ya nini?" Unasikika wa kiroho, sivyo? Lakini mtazame Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, yeye yuko kizuizini, na Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli. Muuzaji ni wa damu yake. Neno limetoka kwa Mungu mwenyewe. Na bado anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, anaandika hati, anatia muhuri, halafu anamwagiza Baruku aihifadhi katika chombo cha udongo. Je, nabii alikosa imani? Hapana! Imani yake ndiyo iliyoandika.

Nimekaa na washirika wetu wawili. Dada alichukua mkopo wa sacco ajenge bwawa la kuogelea nyumbani kwake Ruiru, afundishe watoto kuogelea. Fundi, ndugu yetu wa Thika, akapewa kazi kwa mdomo na nusu ya pesa kwa M-Pesa. Mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu: maji lita 48,000. Sasa yanashuka kila siku. Dada anasema, "Alinilia simiti." Fundi anasema, "Nilimwambia udongo mweusi huo tuuchimbe wote utoke, akasema pesa hakuna." Nani mkweli? Hakuna karatasi ya kuuliza. Jumapili wanakaa pande mbili za kanisa, hawasalimiani.

Udongo mweusi tunaujua. Ukipata maji unavimba, ukikauka unapasuka, na haujali kama umeokoka!

Kwa hiyo mpendwa, kabla ya kuchimba, hakikisha kontrakta amesajiliwa na NCA na kaunti ya Kiambu imepitisha ramani. Andikeni kina, vyuma, unene wa kuta, nani ananunua simiti, na kazi itaisha lini. Lipa kwa hatua: shimo, kuta, kisha maji. Jaza bwawa kabla ya vigae kubandikwa. Weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, tia alama ya maji ndani ya ndoo na nje yake. Jua linakausha yote mawili. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Malipo ya mwisho yangoje jaribio hilo, na hilo pia liandikwe.

Naona wenye nyumba mnapiga makofi. Ngojeni kidogo! Rudi sura ya 22, mstari wa 13. Nabii yule yule aliyeandika hati anamlilia ole Mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba la mierezi na kuwanyima wafanyakazi mshahara. Kibarua aliyekubebea mawe ya Ndarugu ana watoto wanaongoja unga jioni hii. Hatua ikiisha, lipa siku hiyo. Usimwambie, "Tuonane mwisho wa mwezi."

Na wewe fundi, pesa ya saiti ya Ruiru usiinunulie simiti ya saiti ya Juja. Huo ni wizi, hata ukiitolea zaka.

Mkataba unamlinda mwenye nyumba, na unamlinda fundi. Zaidi ya yote, unalinda undugu wenu siku kumbukumbu zitakapopingana.

Wale wawili wamekubali mhandisi asiyewajua akague, wazee wawili washuhudie, na mapatano yaandikwe. Tuwaombee. Na wewe mwenye deni la fundi, au fundi mwenye kazi ya mtu uliyoiacha nusu, piga simu leo, kabla hatujaiendea Meza ya Bwana.

Mungu awabariki. Amina.