Maziwa ya Ng'ombe Aliyepigwa Sindano

Tuseme mtu wa Kaengesa, katika nchi ya Ufipa, ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe akaugua, akapigwa sindano ya oksitetrasaiklini, akapata nafuu. Juu ya chupa pameandikwa siku za kungojea. Katika chupa nyingine ni siku 28 kwa nyama na 7 kwa maziwa. Wanawe wadaiwa ada ya skuli. Je, yafaa kuyauza maziwa ya leo?

Ewe msomaji, usifanye haraka kumhukumu mtu huyu. Maziwa ni meupe vile vile, na kuyachemsha hakuiondoi dawa yote. Mnunuzi hana jicho la kuiona. Na viko vijidudu ambavyo, vikionja dawa kidogo kidogo, huizoea, hata siku mwanadamu aihitajipo isimfae kitu. Ama penisilini, yuko mtu ambaye mwili wake hauipatani, na kidogo chake chaweza kumdhuru.

Wako wasemao, "Hizi ni kanuni za serikali, dini haimo." Hili ni neno la asiyesoma mlango wa vyakula. Wanazuoni wetu wametaja jallala, mnyama alaye najisi hata nyama yake ikageuka, kwamba afungwe na alishwe kilicho safi mpaka atakate. Na wengine wakataja siku: ngamia 40, ng'ombe 30, mbuzi 7, kuku 3. Imamu Rafii ameona kumla kabla ya hapo ni haramu. Imamu Nawawi akasahihisha kuwa ni makruhu. Sisemi dawa ni najisi, wala kwamba hukumu zake ni sawa. Nasema kungojea si jambo geni kwetu. Tena, hata tukichukua kauli iliyo nyepesi katika kula, kumficha mnunuzi ila ya bidhaa ni haramu, wala hapo hapana khitilafu.

Atasema, "Basi nitamwambia mnunuzi." Vyema; lakini maziwa yake yatamiminwa katika debe moja na ya wenziwe, na mtoto atakayeyanywa hakuulizwa.

Tanzania ilitunga sheria ya chakula na dawa mwaka 2003. Mwaka 2019 kazi ya chakula ikahamia Shirika la Viwango, na dawa, pamoja na za mifugo, zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Basi chupa ina mlinzi wake na bilauri ina wake. Zizini, baina ya viwili hivyo, hakuna alalaye ila mwenye ng'ombe. Na lawama nyingine ni ya serikali: ukimwamuru mtu angoje, mpelekee na bwana mifugo, asije akanunua dawa mnadani na kupima kwa kukisia. Ila kukosekana kwa mkaguzi hakuhalalishi kitu.

Ayamwage. Na siku azihesabu tangu sindano ya mwisho, si ya kwanza. Ada ya skuli aikope kwa jirani, na jirani mwenye nacho asimnyime.